Asubuhi Niliyoosha Jalidi

Sijawahi kuona watu wazima wakililia nyasi kama wanachama wa klabu ya gofu niliyoajiriwa kule Great Barr, pembezoni mwa Birmingham. Nasema wakililia, na sitii chumvi. Mmoja wao, mstaafu mwenye gari la umeme na meno yote, alisimama mbele yangu asubuhi moja ya baridi, midomo ikimtetemeka, akaniuliza kwa nini tunamnyanyasa. Kumnyanyasa kwenyewe ni kwamba tulikuwa tumefunga grini.

Grini, kwa asiyeujua upuuzi huu, ni ile duara ya nyasi fupi iliyo mwisho wa kila njia ya kuchezea, yenye shimo katikati na kibendera. Nyasi zake hukatwa hadi zibaki fupi kuliko ndevu za siku mbili. Mtu mwenye akili timamu hutembea shambani akipiga kijipira kwa fimbo mpaka akifikishe hapo, akitumbukize kishimoni, akitoe, kisha aende kuanza tena kwingine. Anafanya hivyo mara kumi na nane. Huko nyumbani mtu akifanya hivyo hata mara mbili, jamaa zake wanaitwa kikao.

Sasa jalidi ikilala, yaani ule weupe kama chumvi unaofunika nyasi alfajiri baridi ikizidi, grini haikanyagwi. Maji yaliyomo ndani ya jani yameganda, na ukilikanyaga linapasuka ndani kwa ndani. Siku hiyo huoni kitu. Unaona siku ya tatu au ya nne, unyayo wako unapojitokeza pale ulipopita, kahawia kwanza kisha mweusi, na hauondoki mpaka majira ya joto yakaribie. Kwa hiyo tunafunga. Tunachimba shimo jingine pembeni, kwenye nyasi za kawaida, tunachomeka kibendera, tunawaambia wachezee hapo kwa muda. Hizo grini za muda ndizo zilizokuwa zikiwatoa watu machozi.

Kufunga kwenyewe kulikuwa kazi yangu. Nilikuwa napanda basi mtaani kwetu Saltley gizani, nafika uwanjani kabla barabara kuu ya M6 haijaanza kunguruma, naweka vibao vya kukataza watu, natoboa mashimo ya muda. Halafu nasimama kupokea matusi ya kistaarabu. Wale watu hawakupazii sauti. Wanakuambia wanakuonea huruma kwa kulazimishwa kufanya kazi ya kijinga hivyo.

Lakini kilichokuwa kikinipandisha mori ni kingine. Mara nyingi mwanachama angenikuta pale nimepiga magoti, aelekeze kidole kwenye nyasi nyeupe, aseme polepole na kwa sauti kubwa, kana kwamba mimi ni kiziwi, kwamba hii inaitwa jalidi. Kisha angetabasamu na kuongeza kwamba huko kwetu bila shaka hamna. Masikio yangu yalikuwa yanawaka moto. Mimi nimezaliwa Kinangop, kwenye baridi ya nyanda za juu za Kenya. Jalidi niliijua kabla sijajua kusoma. Niliwajibu wengine kwa heshima na wengine bila heshima, na kuna mmoja nilimpa somo la jiografia refu hata akachelewa kupiga mpira wake. Jioni nikirudi nyumbani nilimsimulia mke wangu, nikiwaiga sauti, naye akicheka huku akivua viatu vyake vya wodini. Binti yetu alikuwa akinitazama na kusema, "Dad, nobody cares." Kiswahili anakielewa chote ila kukizungumza hataki.

Niseme kwa nini nilivumilia. Nilimfuata mke wangu Birmingham, yeye akiwa muuguzi mwenye cheo, mimi nikiwa mume wa muuguzi. Miaka miwili nilipakia maboksi katika ghala lisilo na dirisha hata moja. Nilipopata kazi ya kutunza uwanja nilikuwa mtu wa kwanza katika nyumba yetu kurudi jioni na udongo kwenye viatu na furaha usoni. Nilikuwa katika miezi sita ya majaribio. Mwisho wa Januari katibu wa klabu angetia sahihi karatasi ya kunithibitisha, au asitie, nirudi kwenye maboksi. Niliipenda ile kazi. Niliwadharau wote walioufanya uwanja ule uwepo, lakini uwanja wenyewe niliupenda.

Mkuu wetu wa uwanja ndiye Mwingereza pekee niliyempa heshima bila kulazimishwa. Mzee mfupi, mzaliwa wa palepale Great Barr, mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza ya baridi kali alinipa bisibisi ndefu yenye mpini wa manjano. "Isukume kwenye grini," akasema. "Ikizama mpaka mpini, fungua. Ikigota njiani, ardhi imeganda. Hapo hakuna mguu unaoingia, hata wa mfalme."

Nilimwambia kwamba kwetu hatuhitaji bisibisi. Nikamsimulia jinsi mama alivyokuwa akituamsha alfajiri na ndoo na makopo, tukimbilie shamba la viazi tukanyunyizie majani maji kabla jua halijatoka. Jalidi ikioshwa mapema, kiazi kinapona. Jua likiikuta juu ya jani, shamba zima linageuka jeusi kama lililopitiwa na moto, na mwaka huo mnakula kwa kukopa kwa majirani. Mzee aliipenda sana hadithi hiyo. Tangu siku ile, kila asubuhi nyeupe tukinywa chai bandani, aliniuliza, "Kinangop wanasemaje leo?" Kulitamka jina hakuweza, alilitafuna kama mfupa, lakini aliuliza kila mara.

Siku moja aliongeza jambo. "Lakini hiyo ya maji usiijaribu hapa. Kwenu baridi inakaa juu ya jani. Hapa inashuka chini."

Niliitikia kwa kichwa, vile mtu anavyomwitikia mzee anayezungumzia kitu ambacho wewe unakijua kumzidi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilikariri methali hiyo shuleni nikapewa alama zote, na haikunisaidia chochote.

Sasa nimlete shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu. Anaishi Edgbaston, kwenye mtaa wa miti mirefu ambako hata paka hutembea kwa kujivuna. Ni mhasibu, ni mwenyekiti wa kamati mbili za kanisa, na ndiye kiongozi wa kikundi cha Wakenya wanaocheza gofu. Nao hao nina maneno nao. Kule nyumbani gofu waliiona kwenye kalenda ya benki. Wamefika Uingereza, wamepata vyeo, wameona wakubwa wao kazini wanabeba mifuko ya fimbo, nao wakanunua mifuko. Wanavaa suruali za rangi ambazo wake zao hawakuulizwa. Wakikosa mpira wanatazama fimbo, kana kwamba fimbo ndiyo iliyokuja Uingereza kwa cheti cha uongo.

Shemeji alikuwa na namna yake ya kunitambulisha kwa watu. Alinishika bega, akasema, "Huyu ndiye kijana aliyeoa dada yetu. Anakata nyasi, lakini ni mtu mzuri sana." Nilikuwa na miaka arobaini na minne. Nilicheka pamoja nao, maana shemeji mkubwa hajibiwi, hasa mbele ya watu. Mke wangu alinifinya chini ya meza, nikaendelea kucheka.

Basi mwezi wa kwanza shemeji akataka kikundi chake kije kucheza kwetu Jumamosi moja. Wageni katika klabu ile walihitaji mtu wa kuwasemea. Nikaenda kwa katibu, nikawasemea. Nilisema ni watu wa adabu, wanajua kanuni, wanajua uwanja wa majira ya baridi ulivyo. Nikasema nawachukulia dhamana mimi mwenyewe. Katibu, mwanajeshi mstaafu mwenye kalamu tatu mfukoni, akaandika majina yao kwa uangalifu mwingi, na kila jina akaniomba nilirudie.

Ijumaa yake mkuu wetu akaniita. Dada yake alikuwa anapasuliwa hospitalini, na kesho yake asingekuja. "Uko peke yako," akasema. "Bisibisi iko wapi?"

"Mfukoni."

"Basi hunihitaji mimi."

Naikumbuka sentensi hiyo kuliko niipendavyo. Hakuna bosi aliyewahi kuniambia hivyo, na nilitembea hadi kituo cha basi nikiwa nimerefuka.

Jumamosi uwanja uliamka mweupe wote. Niliisukuma bisibisi kwenye grini zote, ikagota zote. Nikaweka vibao, nikatoboa mashimo ya muda, nikamaliza kila kitu kama inavyotakiwa. Saa tatu wakafika, watu kumi na wawili, na shemeji mbele yao akiwa na suruali nyekundu na kofia yenye kishada. Alitazama vibao, akanitazama mimi, akanivuta pembeni.

"Shem, niambie hizi ni jokes. Watu wametoka Coventry, mwingine ametoka Leicester asubuhi na mapema, halafu tucheze kwa hizi mashimo za panya?"

"Ni frost, shemeji. Ground imefreeze kabisa."

"Frost unaniambia mimi? Mimi nimezaliwa Ol Kalou, hapo tu karibu na kwenu." Alishusha sauti. "Sikiza. Hizo zingine ni sawa, tutavumilia. Lakini ile ya mwisho, hapo mbele ya clubhouse, tufungulie hiyo moja tu. Tumalizie kwa kitu inakaa gofu. Tupige picha. Si wewe ndio boss leo?"

"Nitaangalia."

"Usiangalie. Panga. Na usiniangushe mbele ya watu."

Ningependa kusema alinilazimisha. Nimejaribu kuisimulia hivyo, na hata mimi mwenyewe siamini. Shemeji hakunilazimisha kitu. Alisema neno moja, boss, akalisema bila kucheka, nami nikalimeza lote. Miaka minane katika ukoo ule na hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu yule kuniomba kitu nilicho nacho mimi na yeye hana.

Walipokwenda kuanza mchezo, nilisimama mbele ya grini ya mwisho nikifikiri. Kufungua grini yenye jalidi sikuweza, hilo nililijua. Lakini kama jalidi haipo? Kichwa kikavimba. Hawa Waingereza, nikasema moyoni, wana chuo cha kufundishia nyasi, wana vyeti vya nyasi, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufikiria anachokijua mtoto wa miaka saba wa Kinangop. Jalidi huoshwa.

Nilichukua lile tangi dogo la kunyunyizia, linalovutwa na trekta, nikalisuuza mara tatu, nikalijaza maji ya bomba. Nikaizunguka grini taratibu nikiinyunyizia, tabaka jepesi juu ya tabaka jepesi. Jua nalo lilikuwa limeanza kupanda juu ya miti. Weupe ulipotea nikiutazama. Kwa nusu saa hivi ilibaki duara moja ya kijani kibichi katikati ya uwanja mzima mweupe, na nilijipiga kifua pale peke yangu kama mwendawazimu. Nikapiga picha, nikamtumia mke wangu. Akajibu kutoka wodini, "Hiyo ni nini?" Nikamwandikia, "Maarifa."

Kisha nikatoa bisibisi, kwa sababu mkono ulikuwa umeshazoea. Niliisukuma. Ilizama kiasi cha kiungo kimoja cha kidole, ikagota.

Nikasogea hatua mbili, nikasukuma tena. Ikagota.

Nikajiambia ni jiwe. Grini ile mchanga wake ulichekechwa kwa mashine kabla nyasi hazijapandwa, ungeweza kuutafuta mwaka mzima usipate kokoto ya kumrushia kuku, lakini mimi eti nilipata mawe mawili asubuhi moja. Nikairudisha bisibisi mfukoni. Nikaondoa kibao, nikachomeka kibendera kwenye shimo la kweli.

Saa saba kasoro wakatokea. Walipoiona ile kijani waliongeza mwendo. Shemeji alinyoosha mikono kama mhubiri, akawaambia wenzake kwamba hapa tuko na mtu wetu. Wakaingia, kumi na wawili wote, na viatu vyao vya meno chini. Wakacheza, wakakosa, wakachekana. Wakakumbatiana. Wakageuka huku na huku kwa ajili ya picha.

Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga hizo picha, kwa hiyo nilikuwa nimechuchumaa, macho yakiwa karibu na ardhi. Niliziona nyasi zikisogea chini ya viatu vyao. Mtu akijizungusha, nyasi zinazunguka naye kidogo, kama mkeka juu ya sakafu iliyomwagwa sabuni. Ndipo nilipoelewa alichosema mkuu wetu. Maji yangu na lile jua vilikuwa vimeyeyusha juu tu. Chini kulikuwa bado kumeganda kama saruji, mizizi imeshikwa humo, na kila mguu uliogeuka ulikuwa unaikata. Kinangop ardhi haigandi. Ningeiacha ile jalidi ilivyo, wangevunja majani, na majani huota. Nilikuwa nimewaandalia mizizi.

Ningeweza kuwaambia watoke. Ilikuwa ni neno moja tu. Shemeji aliniambia, "Shem, moja ya mwisho, tukiwa tumesimama line." Nikaipiga.

Jumapili shemeji aliwatumia watu wa nyumbani kwangu salamu, akaniita meneja. Jumatatu grini ilikuwa na mikunjo midogo tu, na mkuu wetu aliporudi nilimwambia yote yalikuwa salama. Dada yake alikuwa anaendelea vizuri. Jumanne rangi ikaanza kugeuka. Jumatano asubuhi nyayo zilikuwa zimetoka zote, nyeusi, na alama za meno ya viatu ndani yake. Ungeweza kuona pale walipokumbatiana. Ungeweza kuona walivyosimama mstari wa mwisho, jozi baada ya jozi, vidole vikielekea kwenye kamera. Grini hiyo iko mbele ya dirisha kubwa la ukumbi wa chai. Kufikia saa nne wanachama walikuwa wamejipanga dirishani na vikombe vyao, kimya, kama watu waliokuja kuaga maiti.

Mkuu wetu alipiga magoti, akaingiza kisu kwenye unyayo mmoja, akainua. Nyasi zilitoka kama utando wa maziwa. Chini hapakuwa na mzizi ulioshika kitu.

"Bisibisi ilisema nini?" akaniuliza.

"Ilizama."

Hakuinua macho. Alikirudisha kile kipande mahali pake, akakibonyeza kwa vidole viwili, kwa upole mwingi, ingawa alijua hakitaota.

Alhamisi tukaitwa ofisini kwa katibu, mimi na yeye. Mezani palikuwa na jalada lenye jina langu. Niliijua karatasi iliyokuwamo, maana ilikuwa imebaki wiki moja majaribio yaishe. Mke wangu usiku wa kuamkia siku hiyo hakuwa amenilaumu, alisema tu kwamba kazi ya ghala haijaisha mjini, nami nikajua anajaribu kunizoesha.

Nilitarajia kufokewa. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba niliosha, nilisukuma, iligota, nikafungua. Nilikuwa nimeyarudia maneno hayo kwenye basi tangu Saltley. Lakini katibu alikuwa mpole kupita kiasi, na upole wa watu wale ndio unaopaswa kuogopwa. Alisema wanachama wameandika barua, nyingine hawezi kuzisoma kwa sauti. Alisema yeye haamini kwamba palikuwa na nia mbaya.

"Nadhani maelezo yake ni rahisi," akasema. "Watu wanaotoka nchi za joto hawawezi kutarajiwa kuzijua tabia za jalidi. Wageni wako hawakujua wanachokikanyaga. Na wewe mwenyewe, tuwe wa haki, ungejuaje? Huko kwenu hamna jalidi, siyo?"

Kalamu yake ilikuwa tayari juu ya karatasi.

Swali lile lile. Nilikuwa nimeulizwa na nusu ya klabu tangu Novemba, na nilikuwa na majibu yake ya kila aina, ya mzaha, ya hasira, ya jiografia. Mkuu wetu alikuwa amesimama karibu na dirisha, kofia mkononi, akinitazama. Yeye alijua habari za ndoo na makopo. Alijua mama yangu alikuwa akituamsha saa ngapi. Kosa lilikuwa kwamba naijua jalidi, naijua mno, na kwa kujua huko nikampuuza mtu aliyeijua ya kwao. Kulisema hilo kungenichukua sentensi moja.

"Hapana," nikasema. "Kwetu hatuna."

Katibu akashusha pumzi. Akaandika, akatabasamu kwa huruma ya kweli kabisa, akasema kamati itaelewa. Mkuu wetu aliivaa kofia yake akatoka, akasema ana mashine inayomngoja.

Wiki iliyofuata karatasi ikatiwa sahihi. Kamati iliagiza nifundishwe. Kwa hiyo asubuhi nyeupe iliyofuata mkuu wetu alinipeleka nje kabla ya chai, akainama, akanionyesha jani moja, na kwa sauti ya polepole akaniambia kwamba hii ni jalidi. Akanieleza inatokea wapi. Akanieleza kwa nini haikanyagwi. Uso wake haukuonyesha kitu, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananisimanga au alikuwa anatii amri tu. Nilimwambia asante. Bandani tulikunywa chai tukizungumzia mashine. Kuhusu Kinangop hakuniuliza tena, siku ile wala nyingine.

Shemeji alipata barua yake mwezi wa pili. Nilikuwa Alum Rock Road nimesimama foleni ya nyama aliponipigia, na sauti yake ilitoka kwenye simu hata muuza nyama akageuka.

"Shem, hawa watu wameniandikia. Wanasema hawawezi kutukaribisha tena winter juu sisi hatuna experience ya frost. Eti countries zetu ni za joto. Wamesema hivyo, nakusomea vile imeandikwa. Mimi, shem. Baba yangu alikuwa anaamka saa kumi na ndoo juu ya viazi. Tulifukuzwa shule mwaka mzima, fees hakuna, juu frost ilikula kila kitu. Leo naambiwa siijui?"

Nilisogea hatua moja, foleni ilikuwa imesogea.

"Nani amewaambia hiyo ujinga?" akauliza.

Wale watu niliowacheka miezi yote ile, nikiwaiga sauti mbele ya mke wangu, walikuwa wamekisia tu. Aliyewathibitishia ni mimi.

"Si unawajua wazungu, shemeji," nikamwambia.

Alipoongea tena, sauti yake ilikuwa imebadilika. Haikuwa na kijana aliyeoa dada yetu wala mkata nyasi ndani yake. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimeingoja sauti hiyo.

"Pole sana, ndugu yangu," akasema. "Na wewe ndio unashinda na hao watu kila siku. Sijui huwa unavumilia aje."

"Nimezoea," nikamjibu.